Mbuzi Wako Wasikae Juani Kungojea Sindano

Ndugu mkulima, ukipeleka mbuzi wako kuchanjwa ukakuta foleni ndefu, usikimbilie kumlaumu daktari wa mifugo. Mara nyingi foleni hiyo tunaitengeneza sisi wenyewe, tena nyumbani, kabla ya kutoka.

Tufanye hesabu kidogo. Wapo mbuzi 400 na mchanjaji mmoja. Kila mbuzi akifukuzwa uwanjani, akamatwe, kisha watu wabishane ni wa nani, dakika nzima imekwisha. Mbuzi 400 ni saa 6 na dakika 40. Lakini wakipitishwa mmoja mmoja katika njia nyembamba iliyozungushiwa miti au miiba, sekunde 20 zatosha, na kazi yote huchukua saa 2 na robo hivi.

Kuchelewa huko kuna hasara kubwa kuliko uchovu. Dawa ya kukinga sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa ulioingia Kenya mwaka 2006 kwa upande wa Turkana, huja ni unga mkavu katika sanduku la barafu. Ikishachanganywa na maji yake haingoji mtu. Kwa joto la Garissa nguvu zake huisha upesi. Mbuzi akidungwa dawa iliyokwisha kufa atapakwa rangi mgongoni kama wenzake, nawe utalala ukidhani amekingwa, kumbe hana kitu.

Basi jioni ya kuamkia siku ya chanjo, hesabu mbuzi wako. Wachanga wasiofika miezi 3 waache nyumbani. Mwenye makamasi, vidonda mdomoni au anayehara mfunge mbali, ukamweleze daktari habari zake. Wako wanaomficha mgonjwa katikati ya kundi ili apate sindano ya bure. Hao huwapelekea majirani ugonjwa.

Fika alfajiri na vijana wawili, mmoja wa kuswaga na mmoja wa kushika. Mwambie karani idadi yako kwanza. Chupa nyingi ni za mbuzi 100, na haifai kufungua moja kwa mbuzi 12; afadhali uungane na jirani.

Jambo moja tu usilihimize: kubadilisha sindano. Homa ya Bonde la Ufa ilipoipiga Garissa mwaka 2006 na 2007, iliua watu na mifugo, na sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi yaweza kuieneza. Mchanjaji akisimama kubadilisha, mngojee.