John Ruggie: Msomi aliyetaka kampuni ziwajibike kwa haki za binadamu

KAMPUNI inapochafua mto au kuwatilia sumu wakazi wa mtaa, ni nani wa kulaumiwa? Je, ni serikali iliyotoa leseni, ama ni mwekezaji aliyetanguliza faida? Swali hili ndilo lililomshughulisha Profesa John Gerard Ruggie katika miaka ya mwisho ya kazi yake. Jibu alilolitoa lingali linatumika kote duniani, Kenya ikiwemo.

Ruggie alizaliwa mwaka 1944 mjini Graz, Austria, Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipokuwa vikielekea ukingoni. Mwaka 1956 alihamia Canada pamoja na wazazi wake. Alisomea shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini humo, kisha akaenda Marekani alikopata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1974.

Wasomi wa mahusiano ya kimataifa walimfahamu hasa kutokana na makala aliyoichapisha mwaka 1982. Humo alieleza kwamba biashara huria iliyostawi baada ya vita haikuachiliwa bila hatamu. Mataifa yalikubali kufungua masoko yao kwa kuwa yalibaki na uwezo wa kuwakinga raia dhidi ya madhara yake, kama vile ukosefu wa ajira. Soko lisilojali jamii, kwa mtazamo wake, haliwezi kudumu.

Wazo hilo hakuliacha vitabuni. Kati ya mwaka 1997 na 2001, alikuwa Katibu Mkuu Msaidizi wa Umoja wa Mataifa chini ya Kofi Annan. Alishiriki kuandaa Malengo ya Maendeleo ya Milenia na kuasisi Global Compact, mpango unaozihimiza kampuni kuheshimu haki za wafanyakazi na mazingira.

Mwaka 2005, akiwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Harvard, Annan alimteua kuwa mjumbe maalumu kuhusu biashara na haki za binadamu. Kazi haikuwa nyepesi. Rasimu ya awali, iliyotaka kuzibebesha kampuni majukumu ya kisheria, ilikuwa imegonga mwamba mwaka 2004.

Kwa miaka sita Ruggie aliandaa mikutano 47 ya mashauriano na kuzuru zaidi ya nchi 20. Matunda yake ni kanuni 31 zilizojengwa juu ya nguzo tatu. Kwanza, ni wajibu wa serikali kuwalinda watu. Pili, ni jukumu la kampuni kuheshimu haki, hata pale serikali inapozembea. Tatu, aliyedhulumiwa sharti apate njia ya kutendewa haki. Juni 16, 2011, Baraza la Haki za Binadamu jijini Geneva liliziidhinisha kanuni hizo bila kupingwa.

Hata hivyo, hakukosa wakosoaji. Walihoji kwamba kanuni zisizo na nguvu ya sheria ni sawa na mbwa asiye na meno. Mwaka 2014, Baraza hilo lilianzisha mazungumzo ya kuunda mkataba wenye nguvu za kisheria. Ruggie hakupinga sheria, bali alihofia kwamba mkataba mmoja mpana ungechukua miaka mingi huku waathiriwa wakingoja. Ufaransa nayo ilipitisha sheria yake mwaka 2017, ikizilazimisha kampuni kubwa kuzuia madhara ya shughuli zao hata ng'ambo.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua vyema suala hili. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaathiri kwa madini ya risasi. Mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, ikazibebesha lawama kampuni pamoja na idara za serikali. Rufaa zilifuata na kuwangojesha wakazi kwa miaka. Mwaka 2021, serikali ya Kenya iliidhinisha mpango wa kitaifa kuhusu biashara na haki za binadamu, unaofuata nguzo tatu za Ruggie.

Msomi huyo aliaga dunia Septemba mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 76. Nguzo mbili za kwanza huandikwa kwa urahisi kwenye sera. Ya tatu ndiyo mizani: mnyonge anapodhulumiwa, je, hulipwa haki yake angali hai?