Kipawa ni Amana, Jitihada Ndiyo Shukrani Yake



Mama mmoja alinijia baada ya sala ya Alasiri na wanawe wawili. Mkubwa, alisema, Mungu amempa miguu ya mpira. Mtaa mzima wamsifu, naye sasa haendi mazoezini, kwa kuwa ajua atachaguliwa tu. Mdogo apenda mpira kuliko nduguye, lakini babake alimwambia mbele ya wageni kwamba hana kipawa, asipoteze wakati. Tangu siku hiyo viatu vyake vimo uvunguni mwa kitanda. "Sheikh," akaniuliza, "nimwambie nini kila mmoja?"

Kipawa kipo, wala hatukikani. Allah Subhanahu wa Taala hugawa pumzi, nguvu na wepesi apendavyo, na hakuna mtoto aliyejichagulia urefu wake. Ila kipawa ni amana, na Surat An-Najm yatukumbusha kuwa mwanadamu huhesabiwa kwa alichokifanyia bidii.

Yule mkubwa nilimpa kisa alichokipokea Imam Bukhari. Mtume (SAW) alikuwa na ngamia jike, Al-Adhbaa, asiyepata kushindwa mbioni. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia kijana, akampita. Masahaba wakaona uzito. Mtume akawafahamisha kuwa hakuna cha dunia kinachopanda ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Basi mwanangu, ikiwa ngamia wa Mtume alipitwa, wewe wategemea nini?

Yule mdogo nilimtajia Mohamed Salah wa Misri. Akiwa kijana mdogo, alisafiri kutoka kijiji cha Nagrig hadi Cairo kufanya mazoezi. Alibadilisha mabasi manne au matano, takriban saa nne kwenda na nyingine kama hizo kurudi, siku tano kwa wiki. Mwaka 2014 alijiunga na Chelsea, akapata nafasi chache za kucheza. Msimu wa 2017/2018, akiwa Liverpool, alifunga mabao 32 katika Ligi Kuu ya Uingereza, rekodi wakati huo kwa msimu wa mechi 38. Kipawa alikuwa nacho, lakini kipawa hakikumpunguzia hata basi moja.

Tusiwadanganye watoto: wengi wao hawataishi kwa mpira. Lakini anayejizoeza kurudia jambo gumu hulibeba zoea hilo shuleni, kazini na katika ibada. Madrasani twaliona wazi. Mwepesi wa kuhifadhi asiyerudia, sura humtoka. Mzito arudiaye kila alfajiri hubaki nayo kifuani. Ajizi ni nyumba ya njaa.

Enyi wazazi, mtoto arudipo uwanjani, msianze kwa kumuuliza kama ameshinda. Muulizeni leo amejifunza nini. Msifuni kwa alichokitenda, si kwa alichozaliwa nacho. Wala msiwapime ndugu wawili kwa pishi moja, maana hapo ndipo husuda huingia nyumbani.

Yule mama nilimwomba mambo mawili: avitoe viatu uvunguni, na amfikishie mumewe salamu zangu. Neno lililosemwa mbele ya wageni na liondolewe mbele ya wageni. Mtoto aliyevunjwa moyo na babake, kocha hawezi kumuunga.

Wabillahi tawfiq.