Miguu ya mtoto ikivimba, kuna kazi iliyosimama ndani ya ini

Wamama wenzetu, hivi karibuni mmoja wetu alikuja kwenye mkutano na mtoto wake wa miaka miwili. Mashavu yamejaa, miguu minene. Tulimsifu, eti mtoto amenona! Lakini hakutaka kucheza, nywele zilikuwa zimegeuka nyekundu, na bukari hakuigusa. Ndipo mama mkubwa mmoja akamkalisha, akabonyeza vidole gumba juu ya miguu yote miwili, akahesabu polepole hadi tatu, akaachilia. Pakabaki mashimo. Siku ileile tulimsindikiza hadi kituo cha afya.

Ni kwashiorkor. Jina hilo ni la lugha ya Ga, kule Ghana, na maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Aliyelipeleka kwenye vitabu vya waganga ni mwanamke, daktari Cicely Williams, katika miaka ya 1930. Alilichukua kwa wamama wenyewe, nasi twampenda kwa hilo.

Lakini kwa nini mtoto avimbe badala ya kukonda? Ini, pamoja na kazi zake nyingine, hutengeneza protini inayoitwa albumini, ambayo husaidia kuyashika maji ndani ya mishipa ya damu. Ili ini litengeneze albumini linahitaji vipande vya protini, na wanaopanga vipande hivyo viende wapi ni homoni, wajumbe wanaosafiri ndani ya damu.

Katika miaka ya 1970 daktari R. G. Whitehead na wenzake waliwapima watoto wa Uganda, waliolishwa zaidi ndizi na vyakula vya mizizi, na wale wa Gambia. Chakula cha wanga mtupu huamsha homoni ya insulini, nayo huiambia misuli ishike protini yake, isitoe. Ini linabaki bila vifaa, albumini inapungua. Kwa watoto wa Gambia, walioshikwa na magonjwa ya mara kwa mara, homoni nyingine, kortisoli, ilikuwa juu: hiyo huamuru misuli itoe protini, ini linapata vifaa, na mtoto anakonda hadi mifupa bila kuvimba. Basi bukari ya muhogo peke yake, asubuhi na jioni, twaijua inatuelekeza upande gani.

Hata hivyo si chakula tu. Mwaka 2013 watafiti walichapisha habari za mapacha wa Malawi: nyumba moja, sahani moja, lakini pacha mmoja akapata kwashiorkor na mwenzake hapana. Vijidudu vya tumboni navyo vina sehemu yake. Kwa hiyo jirani asimnyooshee kidole mama, wala asitafute mchawi.

Miguu yote miwili ikibaki na shimo, mpeleke mtoto siku hiyohiyo, hata kama mkanda wa mkono unaonyesha rangi ya kijani. Mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine hutibiwa UNTA, akirudi nyumbani na pakiti zake za Plumpy'Nut (ni dawa yake, wakubwa wasiguse!). Asiyekula hulazwa UNTI. Usimshindilie nyama nyingi ukidhani unamponya haraka. Ini lililochoka haliwezi mzigo huo, ndiyo maana hospitali huanza na maziwa mepesi ya pekee.

Kwa wengine nyumbani, unga wa karanga ndani ya uji, ndakala zilizotwangwa ndani ya sombe, kunde au maharage, na ziwa hadi miaka miwili.

Mtoto wetu yule alipopimwa wiki ya kwanza, kilo zilikuwa zimeshuka. Mama yake akalia. Munganga akamweleza kwamba ni maji yanayotoka. Juzi tulimkuta kwenye mkeka, miguu myembamba kama vijiti, akimnyang'anya dada yake karanga.