Fahamu: Je, mgonjwa asiyeitikia anakusikia?

Mwaka 2006, nchini Uingereza, mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walimwingiza kwenye mashine ya MRI mwanamke wa miaka 23 aliyeumia ubongo katika ajali ya barabarani. Macho alikuwa akifumbua, ila hakuitikia chochote. Wakamwambia awaze anacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga miondoko ikachangamka, sawasawa na ya mtu mwenye afya. Walipomwambia azungukie kimawazo vyumba vya nyumbani kwake, zikachangamka sehemu nyingine.

Utafiti wa 2024 ulipima wagonjwa 241 wasioitikia amri. Ubongo wa 60 ukaitikia. Robo nzima! Wanahisi nini? Hapo wanafalsafa bado wanavutana. Na mashine isipoona kitu, usikate tamaa haraka: hata baadhi ya wazima hushindwa kipimo hicho.