Rumaliza: aliyeshindwa kabla ya vita

Ukisimama leo penye mnara wa Livingstone pale Ujiji, chini ya miembe, utajiuliza ziwa liko wapi. Zamani maji yalifika karibu na hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1870 Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulizibuka, na hadi katikati ya miaka ya 1890 Ziwa Tanganyika likawa limeshuka kwa takriban meta 10. Katika miaka hiyohiyo Muhammad bin Khalfan al-Barwani, Mwarabu wa Lindi aliyefahamika zaidi kwa jina la Rumaliza, alipanda akawa mkuu wa mwambao huu, kisha akaanguka.

Wengi husema aliangushwa na Wabelgiji. Naamini kilichomwangusha kilianzia Pwani.

Mtangulizi wake, Mwinyi Kheri, alikuwa mtu wa Mrima aliyeoa kwa watawala wenyeji na kukaa nao kama mkwe. Sultani Barghash wa Unguja alipomtambua kuwa mwakilishi wake mwaka 1881, tayari alikuwa na mizizi. Mwinyi Kheri alikufa mwaka 1885, na Rumaliza akashika mji. Huyu alitegemea ubia wake na mfanyabiashara Tippu Tip, pamoja na bunduki. Watu wake walisogea hadi kaskazini ya ziwa, wakichoma vijiji na kuteka watu. Mfalme Mwezi Gisabo wa Burundi aliwazuia. Kwa waliotekwa, wanawake na watoto wakiwemo, utawala huu haukuwa na sifa yoyote ya kukumbukwa kwa wema, na hatuna sababu ya kumpamba Rumaliza kwa kuwa tu alipigana na wakoloni.

Sasa tazama nguvu ile ilivyosimama. Bidhaa zilitoka Unguja kwa mkopo, zikavuka hadi Bagamoyo, zikabebwa na wapagazi kupitia Tabora, safari ya miezi. Baruti ilipita njia hiyohiyo, na deni lililipwa kwa pembe za ndovu. Wajerumani walipomnyonga Abushiri, kiongozi wa upinzani wa Pwani, Desemba 1889, Pwani ikawa yao. Mkataba wa Brussels wa 1890 ukabana biashara ya silaha. Mwaka 1893 mtemi Isike wa Unyanyembe akashindwa, na Tabora nayo ikaondoka. Rumaliza alibaki Ujiji na jeshi kubwa lisilo na mlango wa kuingizia risasi.

Hata hivyo alivuka ziwa mwaka huohuo kuwasaidia Waarabu wa Manyema, upande wa Kongo, baada ya miji yao ya Nyangwe na Kasongo kutekwa na Wabelgiji. Aliwasumbua Wabelgiji sana, lakini Januari 1894 kombora lao liliwasha moto ndani ya boma lake na baruti ikalipuka. Akakimbia.

Baadaye alimshtaki mbia wake Tippu Tip kwa Wajerumani, akidai fungu lake la mali ya ushirika. Watu waliokuwa wamegawana nchi nzima sasa walimwomba hakimu wa kigeni awagawie nyumba na mashamba.

Ujiji nao haukurudi kuwa bandari kuu. Wajerumani waliweka kituo chao hapo mwaka 1896, lakini reli ilipofika ziwani mwaka 1914 ilipelekwa Kigoma, kilomita chache kaskazini, kwenye ghuba yenye kina cha kutosha meli. Wafanyabiashara waliofuata mizigo wakahamia huko.