Jinsi Kamera Inavyoifuata Roketi Iliyo Mbali

Mwanafunzi wa Nyamahanga aliyewahi kusimama kando ya barabara kuu iendayo mpakani Rusumo analijua jambo hili. Basi likipita karibu naye, hulazimika kugeuza shingo upesi ili alifuate kwa macho. Lakini basi hilohilo likiwa mbali, kwenye mteremko wa kilima cha pili, huonekana kama linatambaa. Kasi ya basi haikubadilika. Kilichobadilika ni kasi ya pembe, yaani idadi ya nyuzi ambazo jicho hugeuka katika kila sekunde. Huo ndio msingi wa kupiga picha za roketi kutoka mbali.

Kwa kitu kinachokatiza mbele ya mtazamaji, kasi ya pembe hupatikana kwa kugawanya kasi ya kitu kwa umbali wake. Basi liendalo meta 20 kwa sekunde, likiwa meta 10 kutoka kwetu, lina kasi ya pembe ya radiani 2, yaani zaidi ya nyuzi 114 kwa sekunde. Likiwa umbali wa kilometa 1, kasi hiyo hushuka hadi nyuzi 1.15 tu. Sasa tuichukue roketi. Kati ya mwaka 1967 na 1988, roketi za aina ya Scout zilirusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa baharini karibu na Malindi, Kenya. Mojawapo ilibeba satelaiti iliyoitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa nchi hiyo. Tuseme roketi kama hiyo inakwenda kilometa 1 kwa sekunde, nasi tuko kilometa 50 kutoka kwake. Kasi yake ya pembe ni nyuzi 1.15 kwa sekunde, sawasawa na ya basi lile la mbali!

Je, kazi imekuwa rahisi? La. Umbali umetupunguzia mwendo, lakini umetudogoshea roketi. Scout ilikuwa na urefu wa takriban meta 23. Ili taswira yake kwenye filamu ifikie milimeta 1.8 tu, twahitaji lenzi yenye urefu wa fokasi wa meta 4. Lenzi hiyo, kwenye filamu yenye upana wa milimeta 24, huona pembe ya nyuzi 0.34 tu, ndogo kuliko upana wa Mwezi angani. Kamera ikisimama bila kugeuka, roketi iliyokuwa katikati ya picha itatoweka kwa sekunde 0.15. Tena, kilango cha kamera kikifunguliwa kwa muda wa 1/100 ya sekunde, taswira itasogea milimeta 0.8, karibu nusu ya urefu wake, na picha itakuwa imechafuka.

Kwa hiyo kamera lazima igeuke pamoja na roketi. Huwekwa juu ya kitako imara chenye mota mbili: moja hugeuza kamera kushoto na kulia, nyingine huiinua na kuishusha. Zamani watu walizungusha magurudumu kwa mikono huku wakichungulia kwenye darubini. Baadaye rada ilisaidia kuelekeza kamera, na siku hizi kompyuta huitafuta roketi ndani ya picha yenyewe. Hupima roketi imepotoka kiasi gani kutoka katikati, kisha huiamuru mota isahihishe kosa hilo, mara nyingi katika kila sekunde. Lakini mota haitii papo hapo. Hivyo kompyuta hukisia mahali roketi itakapokuwa, kama vile mtoto mwenye teo anayelinda shamba alengavyo mbele ya ndege anayeruka.

Kamera mbili zilizo mahali tofauti, zikiongozwa na saa zinazokubaliana, huweza hata kupima mahali roketi ilipo kwa hesabu ya pembetatu.

Umuhimu wa kazi hii ulionekana kwa uchungu mwaka 2003. Tarehe 16 Januari, takriban sekunde 82 baada ya chombo cha Marekani, Columbia, kuondoka ardhini, kipande cha povu kilibanduka kutoka tangi la nje na kuligonga bawa la kushoto. Kamera za mbali zilikuwa zikitazama. Lakini moja iliyokuwa mahali pazuri haikuwa imerekebishwa fokasi barabara, na picha za nyingine hazikutosha kuonyesha ukubwa wa jeraha. Tarehe 1 Februari chombo kilivunjika kikirejea duniani, na wanaanga wote 7 wakafa. Baada ya ajali hiyo kamera za kufuatilia ziliongezwa na kuboreshwa.

Mwalimu aweza kulifundisha somo hili bila kifaa cha gharama. Wanafunzi wasimame mahali salama, mbali na barabara, na wakunje karatasi kuwa bomba fupi, kisha bomba refu lenye upana uleule. Kila mmoja ajaribu kuliweka basi katikati ya tundu. Bomba refu huonyesha sehemu ndogo zaidi, na mkono ukitetemeka kidogo tu basi hupotea. Atakayeona ugumu huo ameanza kuielewa kazi ya kamera zinazofuata roketi.