Mkaa wa Mifupa katika Kuondoa Floridi kwenye Maji: Uwezo Wake na Suala la Mabaki katika Mazingira ya Bukundi, Mkoa wa Simiyu

Kata ya Bukundi imo katika Wilaya ya Meatu, sehemu kame ya Mkoa wa Simiyu inayopakana na Bonde la Ziwa Eyasi. Wakazi wa wilaya hiyo, wakiwamo Wasukuma na Wataturu, huteka maji katika visima, malambo na mchanga wa mito ya msimu. Maji ya ardhini katika ukanda huo huweza kuwa na madini mengi ya floridi yatokanayo na miamba, na kiasi chake hutofautiana kati ya kisima na kisima. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kikizidi kwa miaka mingi, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia. Kikizidi mno, mifupa na viungo hukakamaa, na ulemavu huo hauponi. Kuchemsha maji hakusaidii, kwa kuwa mvuke huondoka na floridi hubaki.

Makala haya yanachambua njia moja inayotumia malighafi ambayo jamii ya wafugaji haikosi, yaani mifupa ya ng'ombe. Sehemu kubwa ya mfupa ni haidroksiapatiti, madini yaliyojengwa kwa kalsiamu na fosfati. Maji yapitapo juu yake, floridi huchukua nafasi ya haidroksidi na kunasa humo. Ikumbukwe kuwa floridi huingia katika mifupa ya binadamu kwa njia iyo hiyo; kichujio huufanya mfupa wa mnyama utangulie kuipokea.

Ubora wa mkaa hutegemea zaidi uchomaji. Mifupa huchomwa katika tanuru lenye hewa kidogo, kwa joto la takribani nyuzi 400 hadi 600 za Selsiasi. Isipoiva, mafuta na protini hubaki, na maji hutoka na harufu na rangi. Ikiungua kupita kiasi, uwezo wake hupungua. Maarifa haya yamefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, na katika Jimbo Katoliki la Nakuru, nchini Kenya. Aidha, asili ya mifupa haina budi kujulikana na kutangazwa, kwani familia isiyojua mfupa ni wa mnyama gani ina haki ya kuyakataa maji yake.

Tuchukue mfano wa kaya inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia, kutoka kisima chenye miligramu 8 kwa lita. Ili kufikia 1.5, miligramu 130 zinapaswa kunaswa kila siku. Iwapo gramu moja ya mkaa hunasa miligramu 2, zitahitajika gramu 65 kwa siku, yaani takribani kilo 24 kwa mwaka. Hesabu hii haijagusa magadi yanayotiwa katika maharage na makande ili yaive upesi, ambayo nayo huweza kuwa na floridi nyingi. Kaya inaweza kuchuja maji asubuhi na kuirudisha floridi chunguni jioni.

Mkaa uliojaa hautoi dalili yoyote. Maji hubaki maangavu na ladha yake ni ile ile, hivyo bila kupima, mtumiaji huendelea kuamini kichujio kilichokwisha kazi. Mkaa huo huweza kuoshwa kwa soda kali ili utumike tena, lakini uoshaji huzalisha majitaka yenye floridi nyingi kuliko maji ya kisima chenyewe. Yakimwagwa karibu na kisima, tatizo litakuwa limerudishwa ardhini likiwa kali zaidi. Floridi iliyonaswa ndani ya mkaa, kwa upande mwingine, imeshikiliwa kwa nguvu na haitoki kwa urahisi katika udongo usio na asidi. Kwa hiyo, katika kata iliyo mbali na maabara, kubadilisha mkaa kuna hatari ndogo kuliko kuuosha, ijapokuwa gharama yake ni kubwa.

Kwa kaya 100 zenye matumizi ya mfano uliotajwa, mkaa wa kuondolewa ungefikia takribani tani 2.4 kwa mwaka, na mahali pa kuuhifadhi panapaswa kuamuliwa pamoja na wanakijiji kabla ya tanuru kuwashwa.